Kona Iliyoliwa na Kidole Gumba

Kitabu walikizika Jumanne, wageni wakaja Alhamisi. Laiti wageni wangetangulia, kisa hiki kisingekuwepo, na mgongo wa Bwana Kokoto usingekuwa unamuuma mpaka leo.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi Mama Sabuni alikuwa na furaha ya kumfanya mtu azungumze peke yake. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alifua kila kilichofulika, na wenye midomo yao walisema ukimwachia nafasi ataifua hata sabuni yenyewe. Sebule alikuwa ameshaideki, akaideki tena. Kitambaa cha meza alikuwa amekipiga pasi, akakitandika, hakuridhika, akakitandua na kukipiga pasi upya. Juu ya kitambaa hicho aliweka kitabu kipya chenye jalada la kijani na pembe nyekundu, akarudi nyuma, akakitazama, akajichekea.

"Wifi, kitaota miguu kikukimbie hicho," alisema dada wa mumewe kutoka mlangoni. "Unakikodolea macho kana kwamba umekizaa."

"Toa mguu wako hapo! Sakafu haijakauka."

Dada huyo waliishi naye nyumba moja, na watu walimwita Redio. Jina alilipata kihalali. Habari ikiingia sikioni mwake wakati wa chai, kabla ya mchana iko sokoni, na imenenepa. Safari hii hata hivyo hakuwa na kazi kubwa, maana kaka yake mwenyewe alikuwa amemtangulia. Fundi, mume wa Mama Sabuni, alikuwa mjalidi vitabu, na tangu watu waanze kusoma kwenye simu alikaa kibandani akipiga miayo, kwa kuwa simu huja na jalada lake la plastiki. Basi chuo kilipopiga simu, Fundi alimwambia kinyozi, akamwambia muuza mkaa, akawaambia hata watu wasiomuuliza: "Chuo kinakuja kwangu. Kikikipenda kitabu cha bibi yetu, mimi ndiye nitakayekarabati vitabu vyao vyote. Vyote!"

Ukweli ni kwamba chuo kilikuwa kinakusanya maandishi ya mkono ya ibada. Sala, dua, nyimbo za sifa, chochote ambacho watu walikiandika na kukitunza majumbani, kiwekwe mahali pakavu, ili wanaosoma habari za dini wajue wazee walivyomwomba Mungu kabla ya vitabu vya kiwandani kufika. Mtafiti aliyepiga simu alikuwa amesikia kwamba Babu Wino, baba yake Fundi, aliachiwa na mama yake kitabu cha dua ambacho mama huyo alikiandika kwa mkono wake. Alimalizia kwa kusema, "Mtuandalie tu, tutakuja kukiona." Maneno hayo, mtuandalie tu, Mama Sabuni aliyabeba kwa mikono miwili.

Nyuma ya nyumba lori likanguruma, likamwaga mzigo kwa kishindo, na vumbi likaingia dirishani, likatua taratibu juu ya meza, juu ya kitambaa, juu ya kitabu cha kijani.

"Yarabi!" Mama Sabuni alirukia dirisha. "Wewe mzee! Huoni haya? Leo, siku ya wageni wangu?"

Jirani alikuwa amesimama karibu na lori, mikono kiunoni. Ndiye Bwana Kokoto. Alikuwa akijenga ukuta mmoja miaka nenda rudi, na kila akipata chochote alinunua kokoto. "Mama, ni mzigo tu umefika," alisema kwa upole.

"Mzigo wako utakuua! Umezeeka na vumbi, utakufa na vumbi, na huo ukuta wako utamaliziwa na wajukuu wa wajukuu!"

Vibarua wa lori walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Kokoto hakujibu, aliinamisha kichwa akajifanya anahesabu mifuko yake ya sementi. Mama Sabuni alifunga dirisha kwa nguvu na kuanza kupangusa upya. Hakutazama kokoto zilimwagwa wapi.

*

Mtafiti alikuja na gari la chuo na dereva mmoja. Alikuwa msichana mwembamba aliyevaa raba, mwenye haraka ya kutabasamu, akavua raba zake mlangoni bila kuambiwa. Hapo hapo Mama Sabuni akampenda.

"Shikamoo mzee," alimwambia Babu Wino, akapiga goti.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mimi sikuoni, lakini nasikia una afya."

Babu Wino alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kanzu imenyooka kwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Maisha yake yote alikuwa mnakili. Watu walimletea vitabu vya sala vilivyochakaa, naye aliviandika upya, herufi kwa herufi, kisha kile cha zamani alikivika kitambaa cheupe na kukizika mahali safi pasipokanyagwa. Jina la Mungu halitupwi jalalani, alisema, wala halifungiwi karanga. Macho yalipomwishia, Fundi alikuwa mtu wa gundi na uzi, Redio hakuweza kukaa kitako, kwa hiyo mwandiko aliurithi mkwewe. Mama Sabuni aliandika, akamsomea, na mzee, ambaye vitabu vyote alikuwa navyo kichwani, alikuwa akimkatiza: "Rudi. Umeruka mstari."

"Sasa," alisema Fundi huku akisugua viganja, "mambo ni haya hapa." Akakinyanyua kitabu cha kijani na kumkabidhi mgeni.

Mtafiti alikipokea kwa mikono miwili, uso umemng'aa. Akakifungua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Wino mweusi tititi, karatasi nyeupe pe, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Taratibu ule mng'ao wa uso ukaanza kuzimika.

"Ni mwandiko mzuri sana," alisema. "Nani kaandika?"

"Mimi," alisema Mama Sabuni, na sauti ikamtoka nyembamba kwa fahari.

"Hongera dada. Kweli kabisa, hongera." Akakifunga kitabu polepole. "Na kile chenyewe? Alichoandika mama yake mzee?"

"Ndicho hicho, mgeni wetu," alisema Babu Wino. "Nimesikilizishwa chote. Hakuna nukta iliyopungua."

"Naam mzee. Ila nauliza, kile cha zamani kiko wapi?"

Walitazamana. Mama Sabuni ndiye aliyejibu, bado anatabasamu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo mno kwake. "Kile kilikuwa kimechakaa, mdogo wangu. Madoa, viraka, kurasa nyingine zimegeuka rangi ya chai. Nisingekupa wewe kitu kama kile! Tumekizika juzi."

Mtafiti aliketi. Hakungoja kukaribishwa.

"Mmekizika," alisema.

"Kwa heshima zote," alisema Fundi. "Kitambaa cheupe, sala, kila kitu. Kwani vipi?"

Msichana wa watu alijitahidi. Aliweka mikono magotini na kueleza polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Chuo hakikuja kutafuta maneno ya dua, maneno hayo yapo kwingi. Kilikuja kutafuta kitabu chenyewe: karatasi ile, wino ule, viraka vile. Madoa hayo hayo. "Nakala nzuri haiwezi kukaa mahali pake," alisema. "Na kosa ni langu pia. Nilisema mtuandalie, sikusema msikiguse."

Redio, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekaa kimya muda wote huo, alipiga paja. "Haya! Si niliwaambia? Wifi yangu huyu ipo siku atamwogesha mtu mpaka amfute!"

Mama Sabuni alihisi masikio yanawaka moto. Alitazama meza, akatazama sakafu inayong'aa, akatamani ipasuke immeze. Kitu pekee kilichobaki cha mama yake Babu, na aliyekitia ardhini ni yeye, kwa mkono wake, huku akiimba.

*

"Basi tukifukue," alisema Fundi, akasimama. "Ni juzi tu. Tukifukue sasa hivi!"

"Hakifukuliwi," alisema Babu Wino.

Hakupaza sauti, lakini Fundi aliketi kama aliyekatwa miguu.

"Baba..."

"Nimesema. Mimi nimezika vitabu vya watu tangu ndevu hazijaota. Mtu ananiletea kitabu cha marehemu baba yake, analia, anaogopa kitachezewa na watoto. Nakinakili, nakizika mbele yake, namwambia nenda na amani, hakitaguswa tena. Wangapi nimewaambia hivyo? Leo cha mama yangu nikifukue kwa sababu chuo kimekuja na gari?"

"Na kazi yangu, Baba?" Fundi aliuliza, na haikuwa sauti ya mtu mzima. "Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima nani aliuambia?"

Nje mwanga ulipungua, na Mama Sabuni, ambaye mbingu aliisoma kwa ajili ya nguo kambani, aligeukia dirisha. Wingu zito lilikuwa limetanda upande wa nyuma ya nyumba. Moyo ukamlipuka. Kitambaa cheupe tu, hakuna nailoni, hakuna sanduku. Mvua ikipiga saa moja, kitabu kitageuka uji.

Mtafiti naye aliliona wingu, lakini hakulitaja. Badala yake alisogeza kiti karibu na mzee.

"Mzee, sitakulazimisha. Nimekuja kwako, siyo wewe uliyekuja kwangu. Ila naomba nikuulize kitu kimoja, nikiandike, hata nikirudi mikono mitupu niwe na kitu."

"Uliza mwanangu."

"Mama yako alikuwa anapenda kusoma ukurasa gani?"

Babu Wino alicheka kidogo. "Alikuwa hapendi, alikuwa analazimika. Dua ya mtoto mwenye homa. Mimi nilikuwa mtoto wa homa, mwili wangu ulikuwa kama jiko. Nikiwaka, mama anawasha taa, anakaa hapa," akagusa ubavu wake, "anasoma. Kitabu mkono mmoja, mkono mwingine kichwani kwangu. Basi kile kidole gumba chake kilikuwa kimekaa kona ya chini, palepale siku zote, na kina mafuta ya kunichua. Mpaka kona ikalika. Nilipokuwa mkubwa nikaona pale pana pengo la kidole."

Mama Sabuni alishika kifua. "Mimi nilidhani ni panya," alisema.

Akamgeukia mzee.

"Nilidhani panya kala, Baba. Nikainyoosha. Kwenye hiki kipya nimeweka kona nzima."

Mzee alinyoosha mkono. "Nipe."

Mama Sabuni alimfungulia ukurasa wa dua ya homa na kumwekea kitabu mapajani. Kidole gumba cha Babu Wino kilitembea chini ya maandishi asiyoyaona, kikashuka polepole, kikafika kwenye kona. Kilikuta ncha kali. Kikarudi juu kidogo, kikashuka tena, kikaikuta ncha ile ile. Kikabaki hapo. Midomo ya mzee ilikuwa ikicheza bila sauti.

Mama Sabuni alipiga moyo konde. Alijua kwamba mkwe hambishii baba mkwe mbele ya wageni, alijua Redio yuko pale anarekodi kila neno. Alipiga magoti karibu na kiti.

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Tunazika kitabu cha namna gani?"

"Kilichomaliza kazi."

"Na kilichomaliza kazi unakijuaje?"

"Hakuna anayehitaji tena kukisoma. Mwenyewe keshapata kingine."

"Basi mimi nimekosea, Baba. Sikuzika kitabu kilichomaliza kazi. Huyu hapa kaacha kwao, kaja na gari, anataka kukisoma. Hakitaki hiki, anakitaka kile. Wale watu uliowaahidi, vitabu vyao hakuna aliyekuja kuvitafuta. Hiki kina msomaji, yuko hapa sebuleni, hana hata viatu miguuni. Tumekizika kingali na msomaji. Kosa ni langu, si lako, na ahadi yako kwa wale watu haijaguswa."

Mbali kidogo radi ilinguruma.

Babu Wino aliinua uso. "Hiyo ni nini?"

"Mvua, Baba."

"Mvua?" Mzee alikishika kiti kwa mikono yote miwili na kujiinua. "Sasa mmekaa kunitazama nini? Nani ana koleo humu ndani? Nyie watu mmelala?"

*

Walitoka mbio kama nyumba inaungua. Fundi na koleo, dereva wa chuo na jembe la kuazima, Redio na sufuria ambayo hata yeye hakujua ameichukulia nini, Mtafiti peku, Mama Sabuni mbele. Akapiga kona ya nyumba, na hapo akasimama ghafla kiasi kwamba Fundi alimgonga mgongoni.

Pembeni ya ukuta usioisha, pale pale pasipokanyagwa na mtu, palikuwa na kilima cha kokoto.

"La hawla!" alisema Fundi.

"Kiko chini yake?" aliuliza Mtafiti.

"Katikati yake hasa," alisema Mama Sabuni.

Tone la kwanza lilimdondokea puani. Fundi alianza kuchota kokoto kwa koleo bila kusubiri, na koleo likalia kwa kusaga mawe, na kwa kila alichochota kikaporomoka kingine. Kwa mwendo huo wangemaliza mwaka kesho. Bwana Kokoto alitokeza upande wa pili na wale vibarua wawili nyuma yake, wakiwa wanafunika mifuko ya sementi kwa turubai.

"Ni vipi? Mnaniibia kokoto mchana kweupe?"

"Jirani," alianza Mama Sabuni, akihema, "tunaomba utusaidie. Kuna kitu chetu chini ya kokoto zako."

Bwana Kokoto alimtazama, akawatazama vibarua. Wale walishaanza kutabasamu, walimkumbuka. "Asubuhi," alisema, "nilikuwa wa kufa na vumbi."

"Ndiyo."

"Na ukuta wangu ni wa wajukuu wa wajukuu."

"Nilisema hivyo."

"Uliyasema mbele ya hawa vijana wangu. Wamecheka kutwa."

Mvua iliongeza kasi kidogo. Mama Sabuni aliufahamu vizuri mtego alimonasa, na alijua pia kwamba alijitegea mwenyewe. Jikaze, alijiambia, jikaze kisabuni. Akapaza sauti ili vibarua wasikie, na Redio pia, ambaye kabla ya jua kuzama angekuwa ameifikisha sokoni.

"Nimekukosea, mzee wangu. Nilikutukana kwa ajili ya vumbi la mezani, na wewe hukunijibu hata neno. Nisamehe. Na ukuta wako unapendeza."

"Unapendeza?" aliuliza Bwana Kokoto kwa tuhuma.

"Ule upande uliokwisha, ndiyo."

Kibarua mmoja alipasuka kicheko. Bwana Kokoto alijaribu kununa, ikamshinda. "Kitu gani chenyewe kiko chini?"

"Kitabu cha dua cha mama yake Babu Wino."

Uso wa mzee yule ulibadilika. "Babu Wino ndiye aliyeninakilia kitabu cha marehemu mke wangu," alisema, na tayari alikuwa anavua shati. "Vijana! Makoleo! Leteni hilo turubai, tulitandaze juu hapa!"

"Mzee, na sementi?" aliuliza kibarua. "Italoa. Ikiloa imekwenda hiyo."

Wote walitazama ile mifuko. Mama Sabuni aliitazama pia, mifuko ya kijivu inayovuja unga kila ukiigusa, kisha akatazama nyumba yake.

"Iingizeni ndani," alisema. "Sebuleni kwangu."

"Wifi!" alipiga kelele Redio. "Umedeki!"

"Sebuleni, nimesema! Msivue viatu!"

*

Hiyo kazi, aliyeiona hajaisahau. Dereva na Fundi walishika turubai kwa ncha, wakalinyanyua vichwani kama paa. Chini yake Bwana Kokoto na vibarua wake walirusha mawe, na mawe yakaruka huku na huku, moja likampata Redio kwenye sufuria, ikalia kama kengele. Majirani walitoka mmoja mmoja kuuliza kuna nini, na kila aliyeuliza alipewa ndoo. Kinyozi alikuja na kitambaa cha kazi bado kiko begani. Muuza mkaa alikuja na koleo lake jeusi. Mvua ilikuwa ikiwapiga migongo, na watu wanacheka, wanapokezana, "Sogea! Nipe hiyo! Angalia mguu wako!" Babu Wino alikuwa ameletewa kiti kizingitini, anauliza kila wakati, "Wamefika? Wamefika udongo?"

"Udongo!" alipiga kelele Fundi hatimaye.

"Makoleo sasa basi!" alisema Mama Sabuni. "Wekeni makoleo yote chini, mtakikata. Niachieni mimi."

Alipiga magoti kwenye tope kwa gauni lake la wageni na kuchimba kwa mikono. Mtafiti alipiga magoti upande wa pili. Udongo ulikuwa bado mlegevu, wa juzi, lakini maji yalikuwa yameanza kupenya kati ya mawe na kushuka. Mama Sabuni alichota, akachota. Vidole vyake vikagusa kitu laini.

"Kiko hapa! Jamani, kiko hapa!"

Kitambaa kilikuwa cheupe siku mbili zilizopita, sasa kilikuwa na rangi ya ardhi upande mzima. Walikitoa wakiwa wamekishika wote wawili, vichwa vimegusana, na kukikimbiza ndani wamekiinamia kama mtoto mchanga. Sebuleni mifuko ya sementi ilikuwa imepangwa mpaka kwenye makochi, sakafu ilikuwa tope tupu na nyayo, na kwenye kitambaa cha meza kulikuwa na alama ya kiganja cha kibarua, kamili, vidole vyote vitano. Mama Sabuni alipita katikati ya hayo yote bila kuyaona.

Mtafiti alitoa mkobani karatasi za kunyonya maji, akafungua kitambaa polepole. Jalada lilikuwa limelowa. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshikana, na wino wake umetambaa, nyingine hazitasomeka tena, hilo lilionekana mara moja, na Mama Sabuni akafunika mdomo. Lakini kuelekea katikati karatasi zilikuwa kavu. Zilikuwa za rangi ya chai, zina viraka, zina matone ya mafuta ya taa. Mtafiti alianza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka hapo hapo.

"Hiki," alisema. "Hiki ndicho. Tazameni hiki!"

"Homa," alisema Babu Wino kutoka mlangoni. "Nitafutieni homa."

Mama Sabuni aliufahamu ukurasa bila kusoma neno. Kona ya chini haikuwepo. Ilikuwa imelika kwa mviringo, laini kabisa, na pembeni yake karatasi ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya zamani. Alimshika mzee mkono na kumwongoza, akakiweka kidole gumba chake mahali pale.

Kiliingia sawasawa, kama ufunguo.

"Mama," alisema Babu Wino. Watu waliojaa mlangoni, wenye ndoo na makoleo, wote wakatazama chini.

*

Kitabu cha zamani kilikwenda chuoni. Babu Wino mwenyewe ndiye aliyekikabidhi, na alimwambia Mtafiti hivi: siku kitakapokosa msomaji kabisa, mnajua cha kufanya, na msisahau kitambaa cheupe. Mtafiti aliahidi. Fundi alipata kazi, si ya vitabu vyote kama alivyoutangazia mtaa, ila rafu moja, na kama hilo halitoshi alianzia na jalada lililolowa la bibi yake. Redio kwa habari zake aliwaambia watu kwamba alipigwa na jiwe kubwa kama nazi.

Kitabu cha kijani kilikataliwa. "Kaeni nacho," Mtafiti aliwaambia. "Kisomeni."

Kikakaa mezani, juu ya kitambaa kilichofuliwa, ambacho alama ya kiganja haikukitoka yote. Mpaka alasiri moja Bwana Kokoto alipobisha hodi, mjukuu wake amemlalia begani, macho ya mtoto yamelegea. Dawa walishampa, alisema, zahanati walishakwenda. Alitaka tu asomewe.

Mama Sabuni alimpokea mtoto na kumkalisha ubavuni kwake. Alikuwa akimchua mtoto mafuta kifuani alipokumbuka kitabu, akajifuta mkono kwa khanga, akachukua leso safi, akaishika leso kwa vidole na kitabu akakishika kwa leso. Akaanza kusoma.

Babu Wino alimsikiliza mistari michache, kisha akamkatiza.

"Rudi."

"Nimeruka mstari, Baba?"

"Hujaruka. Unakishika na nini?"

"Leso, Baba. Nina mafuta mkononi. Kisichafuke."

"Weka leso chini."

Mama Sabuni aliitazama karatasi, nyeupe pe, na kona yake kali. Aliweka leso chini. Mkono mmoja aliuweka kwenye paji la uso la mtoto, lililokuwa likiwaka, na kwa mkono mwingine akakishika kitabu, kidole gumba kwenye kona ya chini, kikiwa na mafuta. Doa dogo likajitokeza chini ya kidole na kuanza kutanuka. Mwili wake wote ulitaka kulifuta.

Akasoma dua kuanzia mwanzo.